Pikapu ya Kuivuta Nyumba Yetu

Mimi nimepima magari ya watu kwa miaka thelathini na moja. Kila lori la mahindi lililoingia ghala la nafaka la mji wetu, huku kusini mwa Nebraska, lilipanda kwanza kwenye mizani yangu, likatulia, nami nikasoma namba na kumpa mwenyewe karatasi yake. Hakuna mkulima aliyenidanganya hata ratili moja, na waliojaribu wanajijua. Kwa hiyo nilipostaafu sikutegemea kwamba nitakuja kukaa mezani jikoni kwangu, penseli sikioni, nimechanganyikiwa kabisa, sijui ni pikapu ipi inaweza kuvuta nini.

Kosa tulilianza wenyewe: tulinunua trela kabla ya gari la kuivuta. Mke wangu Ardith aliiona kwenye maonyesho kule Lincoln mwezi wa pili. Akaingia, akafungua makabati yote, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha la nyuma, akasema, "Milo, mimi nitakaa hapa hapa niitazame bahari." Ardith ana miaka sitini na sita na hajawahi kuiona bahari. Ameendesha basi la shule miaka ishirini na miwili, kwenye theluji na kwenye matope, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Denver, kumzika shangazi yake. Nilimwahidi bahari ya Oregon mwaka tuliooana. Nikatia sahihi siku ileile, bila kujiuliza itaondokaje pale.

Trela yenyewe ni nyumba: kitanda, jiko, bafu, sebule yenye viti viwili vya kulalia. Haifungwi kwa nyuma kama trela ya kubebea ng'ombe. Ina shingo, na shingo hiyo huja juu ya bodi ya pikapu na kushikwa na kishikizo cha chuma kilichofungwa juu ya ekseli ya nyuma. Maana yake gari halivuti tu, linabeba pia. Watu kumi niliowaomba ushauri, hakuna hata mmoja aliyelitaja hilo la kubeba.

Nyumba yetu tulikuwa tumeshaiuza. Wenyewe wapya walikuwa wanaingia siku ya mwisho ya mwezi wa tano. Tusipopata gari la kufaa kufikia siku hiyo, trela ingeburutwa na trekta hadi uwanjani kwa Duane, kaka yake Ardith, nasi tungeishi humo tukitazama mabanda yake ya nguruwe. Ardith hakulisema sana jambo hilo. Alikuwa amekwisha kutundika pazia kwenye lile dirisha la nyuma, na kila jioni alikwenda kukaa pale nusu saa na kahawa yake, akiangalia ua wa jirani.

Na kulikuwa na jambo jingine, nalisema hapa kwa sababu nililificha vya kutosha. Tangu mavuno ya mahindi jicho langu la kushoto lilikuwa na doa katikati, kama mtu amebonyeza kidole chenye mafuta kwenye kioo. Pembeni naona vizuri, katikati sioni. Kufika Krismasi na la kulia likaanza. Nilikwenda kwa daktari Lincoln peke yangu, nikamwambia Ardith nimefuata vipuri. Daktari akanipa karatasi ya mistari ya miraba niwe naitazama kila asubuhi, nione kama mistari inapinda. Inapinda. Akasema nisishike usukani mpaka anipime tena. Mimi nikasikia hilo la kupimwa tena, na la usukani nikalipa kisogo. Ile karatasi niliificha kwenye sanduku la spana, chini ya misumari. Nilijua Ardith akijua, safari imekwisha, na mwanamke huyu atakufa akitazama ua wa jirani. Nilikuwa na hofu, na hofu ilinifanya mkaidi kuliko nilivyozaliwa.

Basi nikaanza kutafuta gari.

Jambo la kwanza la kuchanganya ni majina. Pikapu kwetu huitwa za nusu tani, za robo tatu na za tani moja. Unadhani ya nusu tani hubeba nusu tani? Hapana, hubeba zaidi. Unadhani ya robo tatu huizidi ya nusu kwa robo? Wapi! Nyingine yenye injini ya dizeli hubeba kidogo kuliko unavyotarajia, kwa sababu injini yenyewe ni nzito na inakula ule uzito wa kubeba. Niliposikia hivyo nililaza kichwa mezani.

"Wewe si ulikuwa bwana mizani?" Ardith akaniuliza huku akifunga vikombe kwenye magazeti.

"Nilikuwa nasoma kile kilichopo. Hawa wanauza kile ambacho hakipo."

Wazee wenzangu wa kahawa ya asubuhi walinimaliza kabisa. Mmoja alisema bila magurudumu mawili-mawili kila upande wa nyuma, upepo wa Wyoming utanilaza mtaroni. Mwingine akasema magurudumu hayo ni ya watu wanaotaka kuonekana, na kwamba hutapata pa kuegesha hata kanisani. Wa tatu akasema dizeli tu, wa nne akaapa kwamba dizeli za siku hizi hufa kwa baridi kama kuku. Yule aliyesema bodi fupi alibishana na wa bodi ndefu mpaka kahawa ikapoa, maana bodi ikiwa fupi, ukikata kona kali, pembe ya trela huja kuvunja kioo cha nyuma ya kichwa chako. Nilitoka pale sijui nishike lipi niache lipi. Muuzaji mmoja wa magari naye alinipa kijitabu chenye picha ya pikapu ikivuta kitu kikubwa kama shule, na chini yake namba: ratili elfu kumi na nane za kuvuta.

"Trela yako ikijaa ni elfu kumi na tatu na mia tano," akasema. "Umebakiza hata ya kuvutia kanisa, mzee."

"Na kubeba?"

"Kubeba nini?"

Nikavaa kofia yangu nikatoka.

Jumamosi moja tulikwenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika, kando ya barabara kuu. Kule mwisho, nyuma ya matrekta, kulikuwa na pikapu ya tani moja iliyokuwa ya wakandarasi wa barabara. Ilikuwa na injini ya petroli, bodi ndefu, gurudumu mojamoja nyuma, na rangi ya haradali, ile ya kuchakaa. Mlangoni palikuwa na alama ya maandishi yaliyobanduliwa. Ardith akapanda upande wa dereva, akavuta kiti mbele, akakipandisha, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Hili naona mpaka pua yake," akasema.

"Rangi gani hii? Watu watadhani tumekuja kuziba mashimo."

"Nimesema tu naona mbele."

"Sawa mama, shuka twende." Hata sikutazama mlangoni pale palipoandikwa uzito wa kubeba. Niliona mke wangu anachezea usukani kama watu wanavyochezea dukani, na nikasahau, mimi Milo Kucera, kwamba huyu alipeleka watoto arobaini shuleni kila siku kwa miaka ishirini na miwili na hajawahi hata kukwaruza sanduku la barua. Kwetu mume ndiye anayevuta trela. Mke husimama nyuma na kupunga mikono, na mume humfokea kwamba anapunga vibaya. Sikuwahi kujiuliza nani alipanga hivyo.

Wiki ya tatu ya mwezi wa tano shemeji yangu Duane akaja uwanjani kwetu na pikapu yake mwenyewe, nyekundu, dizeli, ya robo tatu, imeoshwa mpaka inang'aa.

"Shemeji, acha kuhangaika. Chukua hii. Mimi nanunua nyingine."

"Inaweza?"

"Inaweza? Hii niliwahi kung'oa nayo kisiki cha mti na banda likafuata!"

"Duane, sikuulizi kung'oa. Nauliza kubeba. Kibandiko cha mlangoni kinasemaje?"

"Kibandiko gani? Nina gari hili miaka minne, sijawahi kusoma mlango."

Ndani ya nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha njano, na hicho ndicho kisemacho kweli. Kinataja ratili ambazo watu na mizigo yote ndani ya gari hilo haviwezi kuzidi. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: shingo ya trela elfu mbili na mia saba, kishikizo mia na themanini, mimi na Ardith mia tatu na arobaini, mbwa wetu Bosko sitini. Jumla elfu tatu mia mbili na themanini. Nikafungua mlango wa Duane, nikainama, nikapeleka uso karibu mpaka pua ikagusa chuma. Ile namba ilikuwa inaogelea. Nikaikazia macho.

"Elfu tatu mia tatu na themanini!" nikapaza sauti. "Inatosha, na mia inabaki!"

"Si nilikwambia!" akasema Duane, ambaye hakuwa ameniambia chochote. "Ifunge, kaivute siku mbili, ukiridhika tutashikana mikono."

Ardith alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliona furaha ile usoni mwake. Nilijisikia mwanaume.

Asubuhi iliyofuata tukaifunga trela, tukapakia vyombo vyote kama siku ya safari, Bosko katikati yetu, na mimi nikasema tupitie mizani ya ghala kabla ya chochote. Mtu wa mizani hawezi kusafiri bila karatasi. Ni maili nne za barabara nyoofu. Niliziendesha kwa kutazama mstari wa pembeni, na gari lilikuwa limekalia matako, mbele limeinua pua. Nikajiambia ni springi laini. Ardith alishika mshikio wa mlango njia nzima.

Pale ghalani kiti changu siku hizi anakikalia Marlys, mwanamke mpole mwenye sauti kubwa. Nilitaka kupandisha pikapu peke yake kwenye bamba la mizani na kuacha magurudumu ya trela nje, kama nilivyowaelekeza watu maelfu. Nikapanda. Kipaza sauti kikalia.

"Milo! Tairi lako la nyuma liko nje ya bamba!"

Nilirudi, nikapanda tena.

"Milo, bado! Sasa ni la upande wa pili! Ingekuwa mimi ungeshanitukana!"

Ni kweli. Watu niliowatukana kwa kosa hilo wangejaa kanisa. Mara ya tatu nikapata, jasho linanitoka, na Marlys akanyoosha mkono dirishani akanipa karatasi. Mimi nilijua nitakachokisoma: elfu tisa na mia tisa, ratili mia moja chini ya elfu kumi ambayo ndiyo mwisho wa gari lile. Nikaitazama. Ile mia tisa niliiona.

"Elfu tisa na mia tisa! Unaona? Sawasawa kabisa na hesabu yangu!"

Ardith akaichukua karatasi kutoka mkononi mwangu. "Milo. Hapa ni elfu kumi na mia tisa."

"Haiwezekani."

"Elfu kumi na mia tisa. Moja, sufuri, tisa, sufuri, sufuri."

"Basi mizani imeharibika."

"Weee!" Marlys akatoa kichwa dirishani. "Mizani yangu imekaguliwa na serikali wiki iliyopita, usiniletee!"

Ratili elfu nzima imetoka wapi? Nikaanza kuhesabu tena kwa sauti, shingo, kishikizo, sisi, mbwa, na kila nikijumlisha napata ileile. Nikadhani Ardith amepakia vyungu vyake vya udongo kwa siri. Nikamwuliza. Yeye alikuwa ameshuka, amezunguka mbele ya gari, akafungua mlango wangu na kuinama kwenye kile kibandiko.

"Elfu mbili," akasema.

"Tatu."

"Mbili, Milo. Elfu mbili mia tatu na themanini."

"Nimeisoma mwenyewe."

"Isome tena. Hii hapa."

Nikashuka. Nikaitazama, ikawa tatu. Nikaitazama tena, ikawa hakuna kitu, doa tu la njano. Basi bila kufikiri nikafanya nilichozoea kufanya nikiwa peke yangu: nikageuza kichwa upande, kama kuku anavyotazama punje, nikaiona kwa pembe ya jicho. Ilikuwa mbili. Niliponyanyuka Ardith alikuwa ananitazama mimi, si kibandiko.

"Tangu lini?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uongo tayari, wa miwani. "Tangu mahindi," nikasema.

"Daktari?"

"Nilikwenda."

"Siku ya vipuri."

"Siku ya vipuri."

Nilimngoja alie, na hakulia. Alikasirika. Sijawahi kumwona amekasirika vile, na niliwahi kuuza piano ya mama yake. "Umenipakia humu," akasema, "umenipakia na mbwa, na nyumba nzima nyuma yetu, na huoni mbele."

"Pembeni naona."

"Pembeni! Tulikuwa tunakwenda Oregon pembeni?"

"Ardith, ningekwambia, tusingekwenda kokote. Nyumba imeuzwa. Ningekuwa nimekupeleka kwenye nguruwe wa Duane." Marlys kule dirishani akajitia kupanga kalamu, nami nikaendelea. "Nilikuahidi mimi. Nani mwingine angeendesha?"

Lori la mbolea lilikuwa limesimama nyuma yetu linangoja zamu, na dereva wake hakuthubutu kupiga honi.

"Ningekuwa na watoto arobaini kwenye basi," akasema polepole, "na macho yako hayo, ungenipa ufunguo?"

"Hapana."

"Basi lete."

Naapa sikuwa nimelifikiria. Miezi mitatu nimepima bodi na ekseli na dizeli, nimegombana na mji mzima, na swali la nani atakayekaa nyuma ya usukani halikunipitia akilini hata mara moja. Nilimpa ufunguo. Akavuta kiti mbele, hakikutosha, akakunja koti langu akalikalia. Akaishusha pikapu kutoka kwenye bamba polepole, akaizungusha na nyumba yetu nyuma yake kwenye ule uwanja ambako malori hugongana, bila kugusa kitu. Marlys alipiga makofi kwenye kipaza sauti.

Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Hiyo ya haradali, "ulisoma mlango wake?"

"Sikusoma."

"Ulisoma rangi."

Jioni ile tulirudi kwenye ile yadi kwa kutumia gari la Duane, ambalo tungemrudishia baadaye. Nilimwacha Ardith afungue mlango na kusoma mwenyewe. Elfu nne na mia moja. Akairudia mara mbili ili nisikie vizuri, na mara ya pili alikuwa anacheka. Duane alipoambiwa alisema tumerogwa, kuacha dizeli na kuchukua gari la kuzibia mashimo, na nani ataendesha hilo jambo mpaka milimani? Dada yake akamwambia nani.

Tuliondoka tarehe thelathini, siku moja kabla. Kambi yetu ya kwanza ilikuwa magharibi kabisa ya Nebraska, karibu na mpaka wa Wyoming. Mwenye kujua kambi za matrela anajua kwamba saa kumi alasiri watu hutoa viti vyao nje kutazama wageni wakirudi rivasi. Ndiyo burudani yao. Wanangoja mke apunge, mume afoke, trela ipande bomba la maji. Tulipoingia niliona viti vinavutwa, na bia zinafunguliwa. Halafu nikashuka mimi, na Ardith akabaki kwenye usukani.

Nikaenda nyuma. Ili niione pembe ya trela ilinibidi nitazame bomba la moshi la jirani. Ili nimwone Ardith kwenye kioo chake ilinibidi nitazame uzio, mbali kabisa na yeye. Nikapunga mkono wa kushoto. Akaja kushoto. Nikanyoosha kiganja, akasimama.

"Bwana," akaniita mzee mmoja kutoka kitini, "mkeo anarudi rivasi huku na wewe unahesabu miti?"

Watu wakacheka. Nikaona haya, halafu zikapita.

"Milo!" Ardith akaita kutoka dirishani. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi, kwa mara ya kwanza tangu tutoke. "Unaniona?"

Niligeuza uso wangu kabisa kuelekea uzio, na yeye akatokea pale ukingoni mwa jicho, kiwiko dirishani, ananingoja mimi nimwambie.

"Nakuona," nikasema. "Njoo."